Pacha wangu wawili, mmoja anapiga vyuma mwingine hataki. Judo imegeuka au ni macho yangu?

#1 BabaPacha
Wakuu salaam. Nina madogo wawili pacha, wavulana, miaka 15. Wote walianza judo wakiwa na miaka 8, kocha mmoja, tatami moja (mkeka wa kupigania), mkanda wa kahawia wamevishwa siku moja. Hapa nitawaita Mkubwa na Mdogo, maana mmoja alitangulia kutoka kwa dakika kumi na moja na hajawahi kuacha kutukumbusha.

Miaka yote Mdogo ndo alikuwa anamtupa mwenzie. Mwepesi, ana ngwala ya mguu wa kushoto huioni inatokea wapi. Sasa miezi mitano iliyopita kocha kaleta jamaa wa mazoezi ya nguvu, mara mbili kwa wiki, dakika 45. Mkubwa kajiunga, Mdogo kagoma, kasema judo yake haihitaji vyuma. Basi mambo yamegeuka. Dakika mbili za mwanzo wako sawa, ila ikiingia ya tatu Mkubwa akishika kola yule hachomoki. Wiki iliyopita kamlaza kesa-gatame, ile ya kumbana mtu chini kwa mgongo, mpaka sekunde 20 zikaisha, Mdogo akainuka akaenda kujifungia bafuni.

Swali langu ni hili, ni vyuma kweli au kuna kitu sikioni? Na je nimlazimishe Mdogo?

#2 Ngwala_Tupu
Umeuliza na umejibu mwenyewe mkuu. Vyuma. Uzi ufungwe.

#3 MzeeWaTatami
Usifungwe. Haya ndo mambo yanayoua judo ya vijana. Dogo akipata nguvu kabla mbinu haijakomaa anaanza kukaza mikono, ananyoosha viwiko anamsukuma mwenzie kama anasukuma gari lililozima, kuzushi (kumyumbisha mwenzie kwanza) hakuna, mguu hauingii, kazi ni kuvutana tu. Anashinda akiwa na 15, akifika 18 wenzie wote wana nguvu na yeye hana cha kutupia. Nimewaona wengi sana. Sisi ilikuwa uchikomi (kurudia kuingia mbinu bila kutupa), randori (kupigana kwa mazoezi), kamba ya kupanda basi. Na Wajapani wenye mchezo wao hawakugusa chuma.

#4 KabaliMbili
Mzee nakuheshimu ila hapo mwisho umeteleza. Isao Inokuma, dhahabu ya uzito wa juu Tokyo 1964, Mjapani halisi, alipiga vyuma na alikuwa anajulikana kwa hilo. Alikuwa mfupi na mwepesi kwa uzito ule, fainali kakutana na Doug Rogers wa Kanada ambaye ni mlima, akashinda. Kwahiyo miaka 60 iliyopita huu ubishi ulishakuwepo huko huko kwao.

#5 Uchikomi_Elfu
Na michezo hiyo hiyo ya 1964 Anton Geesink wa Uholanzi kamlaza Akio Kaminaga kwenye uzito wa wazi (kilo yoyote unaingia) mbele ya Wajapani wenyewe, kwa kesa-gatame kama ya Mkubwa 😂. Geesink naye alikuwa mtu wa kukimbia porini na kubeba magogo.

#6 MzeeWaTatami
Inokuma na Geesink walikuwa watu wazima! Mimi naongelea mtoto wa miaka 15. Na Geesink alikuwa karibu mita mbili, hata angebeba vijiko angeshinda.

#7 FundiViungo
Habari zenu. Mimi kazi yangu ni viungo, naona vijana wa michezo kila siku. BabaPacha kabla hatujasifia vyuma naomba vitu vitatu. Wamefanana kabisa au ni pacha wasiofanana? Kila mmoja kaongezeka urefu kiasi gani toka vyuma vianze? Na sauti ya nani imeshakuwa nzito?

#8 BabaPacha
Hawafanani hata kidogo, mmoja kachukua pua ya mama yake mwingine kaniharibikia na ya kwangu. Nimewapima sasa hivi kwenye fremu ya mlango ambako tunachoraga alama. Mkubwa kapanda sentimita 4, Mdogo 2. Uzito Mkubwa 62, Mdogo 58, mwanzoni wote walikuwa wanaingia -60 (isiyozidi kilo 60). Sauti... Mkubwa ana sauti ya mzee toka mwaka jana. Mdogo bado inakatika katikati ya sentensi.

#9 FundiViungo
Basi si umeona. Wavulana wengi ule mruko wa kurefuka unakuja karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12, ila mmoja anawahi mwingine anachelewa hata kama wamezaliwa tumbo moja. Baada tu ya kurefuka ndo misuli nayo inajaza. Mkubwa yuko huko tayari, Mdogo yuko mlangoni. Yani hapo unalinganisha watu wa umri mmoja kwenye cheti ila miili ya umri tofauti. Sisemi vyuma havijafanya kazi. Nasema hujui vimefanya kiasi gani.

#10 Ngwala_Tupu
Daah kumbe ni homoni. Basi uzi ufungwe kwa mara ya pili.

#11 Kocha_Msaidizi
Subiri kwanza we mtu wa kufunga. Homoni haziwezi kueleza kwanini dakika mbili za mwanzo wako sawa. Kama ni ukubwa tu si angemzidi toka refa anasema hajime, anzeni? Soma tena namba 1, tofauti inatokea dakika ya tatu. Hiyo ni mshiko. Judo vidole ndo vinachoka kwanza, mkono wa mbele unajaa unakuwa kama jiwe, unaona kabisa dogo anakung'uta mikono kila refa akisimamisha. Mwenye mshiko unaodumu anaamua pambano liende wapi.

BabaPacha huyo jamaa wa nguvu anawapa nini hasa? Tutajie.

#12 BabaPacha
Nilikaa nikaangalia siku moja. Wanaanza na kuruka na kutua, kuruka na kutua, anawasisitizia magoti yasiingie ndani. Halafu skwati, wiki za kwanza alikuwa anawapa fimbo tu ya mbao hakuna chuma. Halafu kuinua kutoka chini mgongo umenyooka. Halafu wanatupia juti juu ya bomba la kuvutia mwili, wanashika kola mbili wananing'inia, wakizoea wanavuta. Mkubwa mwanzo alining'inia akahesabu mpaka kumi na mbili akaanguka, vidole vimebaki vimekunja kama bado ameshika, akashindwa kufunga mkanda wake mwenyewe ikabidi mwenzie amfungie. Mwisho wanarusha mpira mzito ukutani kwa kuzunguka kiuno.

#13 Uchikomi_Elfu
Juti ndo nini tena 😂😂

#14 BabaPacha
Judogi, vazi la judo, gi kwa kifupi. Simu inanisahihisha inavyotaka.

#15 Kocha_Msaidizi
Haya, program nzuri hiyo, huyo jamaa anajua. Kuning'inia kwenye gi ni jambo la judo kabisa kuliko kuvuta chuma cha mviringo, kitambaa kinateleza kinakunjika, kidole kinafanya kazi nyingine. Nasimama na mshiko.

#16 RefaWaZamani
Niongeze la upande wangu. Pambano la wakubwa ni dakika 4, wanaume walikuwa 5 mpaka 2017 ikashushwa. Ikiisha sare inaenda golden score (nyongeza, anayepata pointi kwanza kashinda) haina kikomo. Na sio dakika 4 za mfululizo, ni vipande, sekunde 20 au 30 za kushikana kisha refa anasimamisha, mate sekunde chache wanarekebisha gi wanarudi. Kwahiyo hiyo dakika ya tatu anayosema baba ni baada ya vipande vingi. Dogo anayeweza kurudisha pumzi ndani ya hizo sekunde chache ndo anamzidi mwenzie, wala sio mwenye skwati nzito. Na MzeeWaTatami nakuunga mkono kwa moja, wanaokaza mikono tunawapiga shido (adhabu), tatu unatoka nje.

#17 KabaliMbili
Refa andika matte bwana, ukisema "mate sekunde chache" unatutia kinyaa 😂

#18 RefaWaZamani
Nimeandika kama ninavyotamka miaka 20. Hujui na mate pia yanakuwepo.

#19 MamaKilo44
Samahani nitaingilia kidogo, yangu ni ya binti. Ana 16, alikuwa anapigana -44. Kocha wake wa zamani alimkataza kabisa mazoezi ya nguvu, akasema utaongeza misuli utapitisha kilo. Kazi ikawa kukimbia amevaa mifuko ya plastiki chini ya nguo, hanywi maji siku ya kupimwa, anatema tema kwenye chupa. Nilikuwa naona ndo michezo ilivyo. Mpaka akaniambia siku zake hazijaja miezi minne. Na alikuwa hachoki tu dakika ya tatu, alikuwa anaingia tatami ameshachoka.

Tulimpeleka hospitali, tukambadilisha kocha, sasa yuko -48, anakula, anapiga vyuma mara mbili kwa wiki. Sitawadanganya kwamba alianza kushinda, mashindano mawili ya kwanza kwenye -48 alitupwa kama gunia, wale wasichana wa huko walikuwa wamezoea kilo zao. Ila goti lililokuwa linamsumbua mwaka mzima limetulia. Na amerudi kucheka.

#20 FundiViungo
Asante sana dada, na umefanya vizuri kwenda hospitali. Siku za binti zikipotea ni mwili unasema chakula hakitoshi kwa kazi unayoupa, na mifupa ndo inalipa deni, na hii ni miaka ambayo mifupa inajengwa. Wazazi wengine mkisoma hapa msiichukulie kawaida.

Kuhusu misuli kupitisha kilo, mtoto kabla hajabalehe nguvu anayopata kwa vyuma sehemu kubwa ni mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli iliyopo. Anakuwa na nguvu bila kunenepa. Akishabalehe ndo misuli inaanza kuongezeka, na hata hapo binti wa judo hageuki kuwa gunia la nyama kwa vipindi viwili kwa wiki.

#21 Mkanda_Mweupe
Mimi mgeni humu, nasomaga tu. Swali la kijinga, si inasemekana vyuma vinadumaza? Mama yangu ananiambia nitabaki mfupi.

#22 FundiViungo
Sio swali la kijinga, naulizwa kila wiki. Hoja inatokana na zile sehemu laini mwisho wa mfupa ambako mfupa unarefukia, kweli zipo na kweli zinaweza kuumia. Lakini mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa, uzito wa kiasi, mwendo sahihi, hayajaonekana kufupisha mtu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka watoto wa miaka 5 mpaka 17 wafanye shughuli za kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Halafu fikiria, kijana anatupwa chini kwa ippon-seoi (kurushwa juu ya bega) mara hamsini jioni moja, huo ndo mzigo kwenye mifupa, halafu tunaogopa skwati ya fimbo. Wanaoumia kwenye chumba cha vyuma mara nyingi ni chuma kudondokea kidole, au wanashindana nani anainua zaidi kocha katoka nje.

Seti moja mpaka tatu, marudio 6 mpaka 15, aache akiwa bado na mawili matatu ndani. Asiinue mpaka atetemeke. Na kama panauma chini kidogo ya goti pale kwenye kinundu cha mfupa, apunguze kuruka kwanza aje aonwe, hiyo inawakuta sana wanaorefuka.

#23 MzeeWaTatami
Mkanda mweupe, Ryoko Tani wa Japani alikuwa na mita 1.46 na ana dhahabu mbili za Olimpiki. Mwambie mama.

#24 Uchikomi_Elfu
Na Daria Bilodid wa Ukraine kachukua ubingwa wa dunia 2018 ana miaka 17 kwenye -48, mrefu mwembamba kama mlingoti, akavunja rekodi ya huyo huyo Tani ya udogo wa umri. Huyo alipiga vyuma gani? Miguu mirefu tu inamfikia mtu popote.

#25 KabaliMbili
Unamjua mazoezi yake wewe? Mwembamba sio dhaifu. Na hadithi hiyo imalizie, baadaye alishindwa kubaki kwenye -48 akahamia -57, mwili ulikuwa unakua kama mwili wowote. Kwa mama wa namba 19 huo mfano una maana kuliko ule wa ubingwa.

#26 Ngwala_Tupu
Hii mambo ya kukata kilo watoto Japani wameshafuta judo ya watoto kabisa.

#27 RefaWaZamani
Hapana bwana usipotoshe. 2022 shirikisho lao lilifuta mashindano ya taifa ya mtu mmoja mmoja ya shule za msingi. Judo ya watoto ipo. Walisema watu wazima wamekuwa wanatafuta ushindi kupita kiasi, pamoja na kuwalazimisha watoto wapunguze uzito.

#28 Ngwala_Tupu
Si ndo nilichosema kwa kifupi.

#29 FundiViungo
Kwakuwa mmegusa Japani niseme la kichwa na shingo, maana mazoezi ya nguvu sio ya kushinda tu. Kuanzia miaka ya 1980 shule za kule zilipoteza zaidi ya watoto 100 kwenye judo ndani ya kama miaka 30, wengi kwa kuumia kichwa, na o-soto-gari ilitajwa sana, mtoto mgeni anatupwa kinyume nyuma kidevu hakijabanwa, kisogo kinapiga chini. Ukemi (kujua kuanguka) ndo dawa ya kwanza wala sibishi. Ila shingo yenye nguvu inasaidia kidevu kubaki kifuani pale mtoto amechoka. Mtoto aliyechoka ndo anaangukaga vibaya, angalieni ni saa ngapi watu wanaumia, ni mwisho wa mazoezi.

Na mimi kwa macho yangu faida kubwa ya vyuma kwa kijana wa judo ni hiyo. Hakosi mazoezi. Mwenye bega zima na goti zima anafanya randori mwaka mzima, mwenzie anakaa nje wiki sita, anarudi, anatoka tena. Ukilinganisha baada ya mwaka unasema "vyuma vimemfanya bora" kumbe ni randori alizozipata kwa kutoumia.

#30 Kocha_Msaidizi
Hilo la kutokosa mazoezi ni kweli ila halimhusu BabaPacha, hakuna pacha aliyeumia. Narudi kwenye mshiko.

#31 Kijana_Wa73
Mimi nina 19, napigana -73, niseme la ndani ambalo wazee hamlisemi. Vyuma vilinibadilisha kichwa kwanza. Kabla nilikuwa nikimwona mpinzani ana mabega nashapoteza kwenye kuinama. Nilipoanza kuinua na nikajua mimi nainua kiasi gani, nikawa naenda kushika kola yangu kwanza, sisubiri. Judo ile ile, mbinu zile zile. Nilikuwa na uchi-mata (kutupa kwa paja) nzuri toka nina 14 ila nilikuwa naogopa kuingia mpaka ndani, naingia nusu. Ukiingia nusu unapigwa kaunta.

Ila na mzee wa namba 3 yuko sahihi pia, kuna mwaka nilizidisha, nikawa napiga vyuma mara nne kwa wiki, randori nakuja misuli imekaza, siwezi hata kugeuka kiuno vizuri. Mwaka huo nilipoteza kwa madogo ambao nilikuwa nawatupa nikiwa nimelala.

#32 MzeeWaTatami
Mmesikia? Kijana mwenyewe kasema.

#33 Kijana_Wa73
Mzee nimesema pande zote mbili usichukue nusu 😅

#34 Kocha_Msaidizi
Wakuu tuache maneno tupime. BabaPacha kuna kipimo cha judo kinatumika sana, alikibuni Mpolandi Sterkowicz miaka ya 1990. Unahitaji vijana wawili wa kutupwa wenye uzito karibu na wa anayepimwa (neno la Kijapani la anayetupwa siliandiki humu, wasimamizi watanifungia). Wanasimama mita 6 mbali, anayepimwa katikati. Anakimbia kwa mmoja anamtupa ippon-seoi-nage, anakimbia kwa wa pili anamtupa, hivyo hivyo. Sekunde 15, pumzika 10, sekunde 30, pumzika 10, sekunde 30. Hesabu kutupa zote. Pima mapigo ya moyo akimaliza tu, na tena baada ya dakika moja. Jumlisha mapigo yote mawili gawanya kwa idadi ya kutupa. Namba ikiwa ndogo ndo bora.

Fanya kwa wote wawili utuletee.

#35 Uchikomi_Elfu
Hii nimeifanyaga. Ile sekunde 30 ya mwisho unaomba mtu azime taa.

#36 BabaPacha
Wakuu nimerudi, ilichukua wiki mbili kuwashawishi. Nimetumia kile kifaa cha kufunga kifuani kinachosoma mapigo.

Mkubwa: 5, 10, 9, jumla 24. Mapigo 187, baada ya dakika 152.
Mdogo: 6, 10, 8, jumla 24. Mapigo 186, baada ya dakika 166.

Nimegawanya, Mkubwa 14.1, Mdogo 14.7. Kutupa wamelingana kabisa! Nilibaki nawaangalia. Mdogo kaanza mbio kama anafukuzwa, Mkubwa kaenda kwa hesabu, ila Mdogo alipomaliza alikaa chini kashika magoti mwenzie anatembea tembea.

#37 RefaWaZamani
Si nilisema? Kurudisha pumzi. 166 na 152 ndo hiyo dakika ya tatu yako. Mshiko haumo kabisa kwenye kipimo hiki, unamtupa mtu anayesimama tu.

#38 Kocha_Msaidizi
Ndo maana mshiko haujapimwa, huwezi kusema haupo. Waning'inize kwenye gi wote wawili uone.

#39 KabaliMbili
Hivi mnaona 6, 10, 8? Mdogo anatumia vyote mwanzoni. Huo sio moyo wala vidole, hiyo ni tabia. Ndivyo anavyopigana pia, kasema baba mwenyewe mwepesi dakika za mwanzo. Mwenzie labda amejifunza kujigawa huko kwenye vyuma, maana seti zinakufundisha usimalize yote kwenye ya kwanza.

#40 FundiViungo
Nani walitupwa? Na nani alianza?

#41 BabaPacha
Wenzao wawili wa -60. Alianza Mkubwa, Mdogo akafuata... eeh na Mdogo ndo alikuwa ametoka kukimbia kwa baiskeli nusu saa maana alikuwa amekasirika hataki kupimwa.

#42 FundiViungo
😂😂😂 mkuu. Mwenye kilo 62 na mwenye 58 wanatupa watu wale wale, na wa pili katoka kwenye baiskeli. Mapigo ya vijana yenyewe yanapanda na kushuka siku kwa siku. Tofauti ya 0.6 kwa siku moja usiijengee nyumba. Rudia mara tatu siku tofauti, wabadilishane kuanza.

#43 Ngwala_Tupu
Mimi nimeacha kufunga uzi. Naomba tu kujua Mdogo amefika wapi kwenye ile hasira.

#44 MamaKilo44
Na usimlazimishe jamani. Binti yangu tungemlazimisha angeacha judo yote.

#45 MzeeWaTatami
Mwache dogo na ngwala yake. Ila mwambie ajifunze kuingia ne-waza (judo ya chini) maana akishalazwa hajui kutoka, hilo ndo tatizo lake wala sio vyuma. Kesa-gatame ya mtu unayemjua miaka 15 unashindwaje kuitoka? Arudie kugeuza nyonga na kunasa mguu mara mia kila siku, mwezi mmoja tu.

#46 Kijana_Wa73
Mzee kugeuza nyonga chini ya mtu wa kilo 62 mara mia kila siku, hayo nayo ni mazoezi ya nguvu ujue.

#47 MzeeWaTatami
Hayo ni judo.

#48 BabaPacha
Taarifa. Kipimo cha marudio hakitafanyika tena wakuu. Jana jioni nimefika kuwachukua namkuta Mdogo ananing'inia kwenye gi, Mkubwa chini anamhesabia kwa sauti na kwa makusudi anahesabu polepole. Sikumlazimisha, sijamwambia neno. Nilipomuuliza kasema amechoka kulaliwa. Kwahiyo sasa wote wanapiga vyuma na sina tena wa kulinganisha.

Alifika kumi na nane lakini. Mwenzie siku ya kwanza kumi na mbili.

#49 Kocha_Msaidizi
Na mwenzie alihesabu polepole pia. Huyo ana vidole!

#50 KabaliMbili
Sasa mshiko wake ulikuwa mzuri toka mwanzo, teori yako ya namba 11 imekufa ndugu 😂

#51 Kocha_Msaidizi
Kumi na nane baada ya miezi mitano ya kukua zaidi, si sawa na kumi na mbili ya wakati ule. Usinichokoze.

#52 Mkanda_Mweupe
Wakuu mimi bado nina swali, hiyo gi ya kuning'inia mnatumia ya mazoezi au ya zamani? Yangu ni moja tu naogopa kola ikichanika.

#53 BabaPacha
Ya zamani. Ipitishe juu ya bomba mgongo wa gi ndo ukae juu, usishike mikono ya gi, mshono wa bega unaachia. Tumeshachana mbili.